Mlango Unaokuja Ukiwa Wazi

Ukinunua simu leo pale Luthuli Avenue, utaulizwa unataka kava ya rangi gani na kama uwekewe protekta. Hakuna atakayekuuliza habari ya kivinjari. Kimo ndani tayari, kimeshapangwa, na mtu usiyemjua ameshakuamulia ni kina nani watakaoruhusiwa kukuangalia ukisoma habari, ukitafuta kazi, au ukiandika saa nane usiku swali ambalo hungethubutu kumuuliza hata daktari. Huo uamuzi ndio ninaotaka kuuzungumzia. Wengi huuona kama kitu cha kiufundi, kazi ya watu wa kompyuta. Mimi naona ni suala la maadili, na jibu ambalo tumezoea kupewa, ati kila mtu ajichagulie, ni jibu bovu.

Tuanze na kuki, maana hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mtandao ulivyotengenezwa mwanzoni haukuwa na kumbukumbu. Kila ukifungua ukurasa, tovuti ilikuona kama mgeni kabisa. Ni kama muuza duka anayekusahau kila ukigeuka kuangalia rafu nyingine: umeshika mkate, unarudi kaunta, anakuuliza wewe ni nani na mkate huo umeutoa wapi. Mwaka 1994 Lou Montulli, kijana aliyekuwa akifanya kazi Netscape, akapata suluhisho. Tovuti ikupe kikaratasi kidogo, kivinjari chako kikitunze, na ukirudi ukionyeshe. Njia rahisi zaidi ilikuwepo: kila kivinjari kipewe namba moja ya kudumu inayoonekana kila mahali. Montulli aliikataa, kwa sababu namba hiyo ingemwezesha yeyote kukufuata kutoka tovuti hadi tovuti. Kwa kuki, kila tovuti ingeona kikaratasi chake tu. Mtu alifikiria, na alifikiria kwa heshima.

Lakini ukurasa mmoja si wa mwenyewe peke yake. Unafungua habari za michezo, na humo ndani kuna tangazo la kampuni nyingine, kitufe cha kushea cha kampuni nyingine, na kijiprogramu cha kuhesabu wasomaji cha kampuni nyingine tena. Kila mmoja wao ana nafasi ya kukupa kikaratasi chake. Na kama kampuni ile ile ya matangazo iko kwenye tovuti elfu moja, itakuona katika zote elfu moja. Fikiria jamaa anayesimama kando ya kaunta katika kila duka la mtaa wenu akiwa na daftari. Haumizi mtu. Haulizi kitu. Ila kila unachoshika anaandika, na mwisho wa wiki anakujua kuliko mamako.

Na jamani, hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1997 waraka wa viwango vya kuki, ulioitwa RFC 2109 na ulioandikwa na David Kristol pamoja na Montulli mwenyewe, ulisema wazi kwamba vivinjari visiruhusu kuki za mtu wa tatu, au angalau visiziruhusu mpaka mwenye kivinjari atake. Kampuni zilizotengeneza vivinjari vikubwa vya wakati huo, Netscape na Microsoft, hazikufuata. Mlango uliachwa wazi na biashara nzima ikajengwa kizingitini. Firefox ilianza kuwazuia wafuatiliaji bila kusubiri kuombwa mwaka 2019, na mwaka 2022 ikaanza kutenga kuki za kila tovuti katika chungu chake. Safari ilizizuia kabisa kuki za mtu wa tatu mwaka 2020. Chrome, ambacho ndicho kivinjari kinachotumiwa zaidi duniani, kiliahidi Januari 2020 kwamba kingeziondoa ndani ya miaka miwili. Ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Julai 2024 mpango ukabadilishwa, na Aprili 2025 ikatangazwa kwamba hata lile swali maalum walilokuwa wanapanga kuwauliza watumiaji halitakuja. Mwenye Chrome anauza matangazo. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Kwetu, mtu hufika mlangoni akasema hodi. Husema hata mlango ukiwa wazi, hata akiwa anaona miguu yako pale kwenye kochi. Husubiri karibu. Asipojibiwa mara tatu anajua la kufanya: anaondoka. Kwenye nyumba za zamani kule Lamu kuna baraza pale mlangoni, viti vya mawe, ili mgeni apokewe, azungumze, anywe kahawa, na bado asiwe ameingia ndani. Watu walikaa chini wakafikiria daraja za kukaribiana na wakazijenga kwa mawe. Sasa linganisha na simu yako. Humo, kunyamaza ndiyo karibu. Usipojibu hodi, au usipojua kwamba kuna hodi ilipigwa, mgeni ameshaingia hadi chumbani.

Najua jibu litakalokuja hapa, maana nimelisikia mara nyingi: mimi sina cha kuficha. Sawa. Lakini hodi haijawahi kuwa swali la kama una maiti chini ya kitanda. Pengine unafua. Pengine unalia. Pengine umeketi tu na hutaki mtu.

Rafiki yangu mmoja alipata mimba na hakuwa tayari kumwambia mtu. Alikuwa akiishi kwa kaka yake. Jioni moja akatumia kompyuta ya sebuleni kuangalia bei za vitanda vya watoto, kisha akafuta historia, akajua yameisha. Siku mbili baadaye wifi yake (wifi wa kweli, si ile ya intaneti) akiwa anatafuta jinsi ya kupika biriani, pembeni mwa ukurasa pakajaa nepi, vitanda na chupa za maziwa. Wifi hakuwa mjinga. Aliuliza kwa upole, lakini aliuliza. Hapo hapakuwa na jasusi wala mdukuzi. Mashine ilifanya kazi yake vizuri kabisa: iliwakumbusha watu wa nyumba hiyo kitu walichokuwa wakitafuta. Ila haikujua, wala haikujali, kwamba nyumba ina watu wengi na siri ya mmoja si ya wote. Huku kwetu simu huazimwa, kompyuta hukaa sebuleni, saiba ina viti kumi na mashine ni zile zile. Mtengenezaji aliyedhani kila kifaa kina mwenyewe mmoja hakuwa akituwaza sisi.

Utasema angetumia hali fiche. Kweli, kwa shida yake hiyo ingemsaidia. Hali fiche inakuficha kwa wa nyumbani, haikufichi kwa wa nje. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa Marekani kwa madai kwamba iliendelea kukusanya taarifa za watu waliokuwa wakitumia hali hiyo kwenye Chrome, na mwaka 2024, katika makubaliano ya kumaliza kesi, ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi. Ukiambiwa neno "fiche", una haki ya kuuliza: kwa nani?

Sasa turudi kwa lile jibu la kila mtu ajichagulie. Linasikika vizuri. Lina harufu ya uhuru. Tatizo lake la kwanza ni dogo na kila mtu analijua: hatuchagui. Kile kibao cha "Kubali zote" kikitokea, kidole kimeshakibonyeza kabla macho hayajasoma. Siku moja nilikuwa namwekea shangazi yangu kivinjari chake kizuie wafuatiliaji, nikamweleza ninachofanya na kwa nini. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Kwani haikuja hivyo?" Sijawahi kusikia hoja bora zaidi juu ya jambo hili kutoka kwa mtu yeyote aliyelisomea. Shangazi alidhani, kama anavyodhani kuhusu kufuli na mtungi wa gesi, kwamba kitu kinachouzwa kwa umma huja kikiwa salama na wewe ndiye unayeweza kukiharibu. Hakujua kwamba hapa mambo ni kinyume.

Tatizo la pili ni zito zaidi, na ndilo lililonibadilisha mawazo. Anayechagua kujilinda peke yake anaonekana zaidi.

Kivinjari chako huieleza kila tovuti mambo madogo madogo ili ukurasa ukae vizuri: upana wa skrini, lugha, saa za eneo ulipo, toleo la programu, fonti ulizo nazo. Hakuna hata moja linalokutaja. Lakini yaweke pamoja na uangalie ni watu wangapi wana mchanganyiko huo huo. Mwaka 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilifanya jaribio hilo kwa vivinjari karibu 470,000, na zaidi ya asilimia 80 vilikuwa na mchanganyiko wa kipekee, usiofanana na mwingine wowote katika kundi hilo. Ni kama alama ya kidole. Huwezi kuifuta kama kuki, kwa sababu haijawekwa kwako. Ni wewe mwenyewe ulivyo. Na ubaya wake ni huu: kila kitu unachoongeza ili kujilinda kinaweza kuwa alama nyingine ya kukutambua.

Kisa cha Do Not Track kinalionyesha hili vizuri. Wazo lilitolewa mwaka 2009 na Firefox ikaliweka mwaka 2011: kivinjari kitume ujumbe mfupi wa adabu kwa kila tovuti, tafadhali usinifuate. Hakuna sheria iliyowalazimisha walioupokea kuutii. Mwaka 2012 Microsoft ikaamua kwamba Internet Explorer 10 kitakuja kikiwa kimeuwasha. Watu wa matangazo wakaja juu. Walisema ujumbe huo si chaguo la kweli la mtumiaji, kwa sababu yeye hakugusa kitu, na kwa hivyo hawatauheshimu. Hebu isome tena polepole. Mlango ulipokuja ukiwa wazi, kunyamaza kwako kulihesabiwa kuwa ridhaa. Ulipokuja ukiwa umefungwa, kunyamaza huko huko kukawa hakuna maana. Mwaka 2019 Apple ikauondoa ujumbe huo kwenye Safari, kwa sababu ulikuwa umegeuka kuwa alama moja zaidi ya kumtambulisha mtu. Aliyebandika kibao cha "usiingie" akawa anajulikana mtaani kwa kibao chake.

Waliotengeneza Tor Browser walilielewa hili mapema. Kivinjari chao hakijaribu kukufanya usionekane. Kinajaribu kukufanya ufanane na wengine. Hata ukubwa wa dirisha hupunguzwa ulingane na vipimo vichache vya pamoja, ili skrini yako isikuseme. Ni sare ya shule, basi. Tuliichukia sare, lakini kila aliyewahi kutoroka kwenda kununua mandazi nje ya geti anajua faida yake: mwalimu akiwa mbali anaona sweta tu. Ila sare humficha mtu pale tu wengi wanapoivaa. Vaa sweta ya shule peke yako katikati ya soko, na kila mtu atakukumbuka.

Hapo ndipo "sina cha kuficha" inapogeuka upande wa pili. Kama faragha ni sare, basi anayehitajika sana kuivaa ni yule asiye na cha kuficha. Mwanamke anayepanga kumkimbia mume anayempiga, mwandishi anayezungumza na mfanyakazi aliyeona fedha za umma zikiibwa, kijana anayesoma kuhusu mwili wake na hana wa kumuuliza: hawa ndio wenye haja. Wakiwa wao peke yao wanaojificha, kule kujificha kwenyewe kunakuwa ungamo. Wanahitaji umati. Umati huo ni mimi ninayeangalia matokeo ya Gor Mahia, na ni shangazi yangu anayeangalia mitindo ya vitenge. Sisi tunaelewa mambo ya namna hii bila kufundishwa. Tunachangia mazishi ya jirani bila kusubiri msiba wetu, na anayesema "kwani mimi nimefiwa?" tunamjua ni mtu wa aina gani. Tofauti ni kwamba mchango huu hauwezi kukusanywa kwa kupitisha daftari, mtu mmoja mmoja. Unatolewa kwa wingi, kimya kimya, siku kivinjari kinapotoka kiwandani, au hautolewi.

Kuna atakayesema huko ni kuwaamulia watu. Ni kweli, lakini hakuna mlango unaokuja bila kuwa wazi wala umefungwa. Mtu lazima aamue, na ameamua tayari. Mimi nauliza tu ni kosa lipi linarekebishika. Aliyekuta mlango umefungwa anaweza kuufungua akitaka. Aliyekuta uko wazi hawezi kuyarudisha yaliyotoka.

Hoja ya pesa siipuuzi. Wengi wetu tuliujua mtandao kupitia Opera Mini, kwenye simu za vitufe, kwa bando ya shilingi chache. Kilikuwa kivinjari cha ajabu: ukurasa ulipitia kwanza kwenye seva za Opera, ukabanwa, ndipo ukakufikia ukiwa mwepesi. Lakini ili kuubana ilibidi uufungue. Katika hali ile ya kubana sana, siri kati yako na tovuti haikuwa ya wawili tu, palikuwa na wa tatu katikati. Simlaumu aliyekubali. Kama ningeelezwa siku ile, na bando ndiyo ile, ningekubali pia. Ila uchaguzi huo una kasoro: jamaa mwenye intaneti ya nyumbani hakuwahi kuwekwa mbele yake. Ukiona swali linaloulizwa wasio na pesa tu, usiliite uhuru haraka hivyo. Halafu kuna upande wa pili wa hesabu hiyo. Wafuatiliaji nao wanakula bando. Zile programu zao zote zinazopakuliwa nyuma ya ukurasa unazilipia wewe. Umepanda matatu, kuna mtu anakufuata, na nauli yake umelipa wewe.

Kinachonisumbua kweli ni waandishi. Kusoma bure kuna mtu anakulipia, na mara nyingi ni matangazo. Matangazo yanaweza kufuata ukurasa badala ya mtu, unga kwenye mapishi, viatu kwenye michezo, kama gazeti la karatasi lilivyofanya miaka yote, lakini huenda hayalipi sawa, na gazeti dogo la Nairobi litaumia kabla ya kampuni kubwa kuhisi chochote. Na kuna mtego hapo. Mwenye kivinjari akiwafungia nje watu wa tatu, yeye mwenyewe bado yumo ndani, kwa sababu umeingia kwa akaunti yake. Ndiyo maana Januari 2021 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilianza kuuchunguza mpango wa Chrome wa kuondoa kuki hizo. Waliogopa kwamba ulinzi wa faragha utageuka kuwa njia ya kubaki na daftari peke yako. Mlinzi anayewafukuza wezi ili aibe yeye si mlinzi. Kwa hiyo siwezi kuuacha uamuzi huu mikononi mwa wema wa kampuni yoyote, hata zile ninazozisifu hapa.

Sheria basi. California ilipitisha moja mwaka 2025: kuanzia Januari 2027 vivinjari vitalazimika kumpa mtumiaji njia ya kutuma ujumbe wa kukataa taarifa zake kuuzwa, na kule tovuti zinawajibika kuuheshimu. Ni hatua. Lakini bado mwenyewe lazima aende akauwashe, na shangazi yangu bado yuko pale pale.

Sisi, kwenye karatasi, tuko mbele. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inatambua haki ya faragha, na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinadai kwamba ulinzi uwe ndani ya kitu tangu kinapobuniwa, na uwe ndio mpangilio kinaokuja nao. Maneno hayo yanawaelekea wanaokusanya na kuchakata taarifa, na mtu anaweza kubishana siku nzima kama mtengenezaji wa kivinjari yumo au hayumo. Mimi ningependa ubishi huo ufanyike, mahakamani ikibidi. Wakati huo huo kuna kazi ambayo haihitaji hata sheria mpya ya Bunge. Simu, kabla ya kuuzwa hapa nchini, aina yake huidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Wanaangalia mambo ya mawimbi na usalama wa kifaa. Mtu akiwa tayari ameishika simu ile mkononi, ameshaiwasha, anaweza pia kufungua kivinjari kilichomo, aingie kwenye mipangilio, na aandike kwenye fomu yake kama mlango umekuja wazi au umefungwa. Zikichapishwa fomu hizo, zisomwe na yeyote, pale Luthuli tutakuwa na swali la pili la kuuliza baada ya lile la kava.